Akiba Haiozi: Vitafunio vya Mboga kwa Nyumba za Lodwar na Kakuma



Wapenzi wasomaji, mama zetu na dada zetu, safu yetu juma hili inaondoka Pwani na kuelekea kaskazini-magharibi ya nchi yetu, Lodwar na Kakuma katika kaunti ya Turkana. Huko wako ndugu zetu wengi katika imani: wenye maduka, walimu, madereva, watumishi wa mashirika, na familia nyingi za wakimbizi. Wako pia watoto wa Pwani waliopelekwa na kazi, wakaoa au kuolewa huko, na huko ndiko wanakolea. Linalotupeleka ni jambo la jikoni, na huenda mtu akauliza sheikh ana shughuli gani na sukuma wiki. Shughuli anayo. Sura ya At-Takaathur inatukumbusha kwamba tutaulizwa kuhusu neema tulizopewa, na fungu la mboga linalotupwa jaani ni neema kama neema nyingine.

Tuitazame kwanza hali ilivyo. Lodwar ni mji wa joto kali. Mchana wa kawaida joto hufikia nyuzi 35 na kuzidi, na mvua ya mwaka mzima ni chache mno. Ipo mboga inayolimwa kando ya mto Turkwel, na ipo inayotoka katika mashamba ya kumwagilia maji, kama ya Napuu karibu na mji na ya Katilu upande wa kusini. Hata hivyo sukuma wiki, kabeji, karoti na nyanya nyingi hupakiwa malorini kutoka Kitale, safari ya kilomita zipatazo 300 kupitia Kapenguria, Marich na Lokichar. Kutoka Lodwar hadi Kakuma zipo kilomita nyingine kama 120. Kwa hiyo fungu la sukuma linapofika mkononi mwa mama wa Kakuma limekwisha kupigwa na jua na upepo, na asiye na friji ana siku moja ya kulitumia, pengine nusu siku. Kesho yake majani yamekuwa manjano, na kesho kutwa ni taka.

Upande wa pili yuko mtoto. Anatoka chuoni alasiri, njaa imemshika, chakula cha usiku bado. Akipewa shilingi chache hukimbilia dukani, akarudi na paketi ya vitu vya rangi, vyenye chumvi nyingi na manufaa haba, ambavyo mvuto wake mkubwa ni kwamba hukatika mdomoni kwa mlio. Mtoto huyo huyo akiwekewa mchicha huusukuma pembeni mwa sahani.

Hapo ndipo mambo mawili yanapokutana: mboga inaoza, na mtoto anataka kitu kikavu cha kutafuna. Tunalotaka kulisema leo ni kwamba jua linaloinyausha mboga ya Lodwar ndilo hilo hilo linaloweza kuikausha ikawa akiba, na akiba hiyo ikawa kitafunio cha mtoto. Wazee wetu walisema akiba haiozi. Kwa mboga, msemo huo una maana yake halisi.

Atasema mwenye kusema: je, ni haki kuzungumza vitafunio mahali ambapo mlo wenyewe unasumbua? Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na jirani yake yakafuata makazi ya Kalobeyei mwaka 2016. Katika miaka ya karibuni mgao wa chakula umepunguzwa zaidi ya mara moja. Swali hilo ni la haki na hatulipiti pembeni. Nyumba isiyo na mlo wa usiku haiponywi na kitafunio. Inaponywa na chakula, na kukitoa ni wajibu wa wenye uwezo, zaka na sadaka zetu zikiwa ndani yake. Hatumwambii mama mwenye njaa kwamba akikausha majani ya kunde dhiki yake imekwisha. Tunasema tu kwamba kadiri mtu anavyokuwa na kichache, ndivyo kila kinachooza kinavyomuuma zaidi. Mwenye mafungu kumi akipoteza moja hajui. Mwenye fungu moja likioza, amepoteza mboga yote ya nyumba.

Tena mgao na mavuno haviji kidogo kidogo. Mwaka 2015 ulianzishwa Kakuma mpango wa Bamba Chakula, ambao kwa huo sehemu ya msaada ilifika kwa simu, nayo ikatumiwa katika maduka yaliyosajiliwa. Pesa ikiingia siku moja, mama hununua siku hiyo, kisha mwezi hurefuka. Vivyo hivyo bustani ndogo za Kalobeyei, zile za kwenye magunia na vitalu vya nyuma ya nyumba: kunde, mchicha na bamia hutoka kwa wingi maji yanapopatikana, kila jirani akawa nazo, hakuna wa kumpa wala wa kumuuzia, maji yakipungua hazionekani tena. Mwenye kukausha siku za wingi huitumia mboga ile ile siku za uchache.

Jambo hili lina asili yake katika mafunzo yetu. Nabii Yusuf (a.s.) alipoitafsiri ndoto ya mfalme wa Misri, hakuishia kutabiri ukame. Alifundisha namna ya kuweka akiba: mavuno yaachwe katika masuke yake, isipokuwa kile kidogo cha kuliwa. Wataalamu wa tafsiri wameeleza kuwa nafaka iliyo ndani ya suke hukaa muda mrefu bila kuharibika. Tazama jinsi uhifadhi wa chakula ulivyotajwa ndani ya Kitabu, tena kutoka ulimini mwa Mtume.

Naye Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kisa cha fundi cherehani aliyemwalika Mtume wetu (s.a.w.) chakula. Kilichoandaliwa kilikuwa mkate wa shayiri na mchuzi wenye mumunye na nyama iliyokaushwa. Anas akamwona Mtume akivifuata vipande vya mumunye pembezoni mwa sahani, na tangu siku hiyo Anas mwenyewe akalipenda mumunye. Wazazi tuna mafunzo mawili hapo. La kwanza, chakula kilichokaushwa kililiwa na aliye bora wa viumbe. La pili, kijana yule alipenda mboga kwa kumwona anayempenda akiila, hakuna aliyemfokea. Baba asiyegusa mboga mezani asimlaumu mwanawe.

Wala watu wa huko hawahitaji kufundishwa na sisi wa Pwani thamani ya jua. Waturkana tangu zamani hukausha nyama kwa vipande vyembamba, na maziwa pia huyakausha wakayahifadhi kwa siku za ukame. Wasomali na Waborana wana nyirinyiri yao, nyama iliyokaushwa ikakaangwa na kutiwa mafuta, ambayo msafiri huenda nayo siku nyingi. Wanawake wa Sudan hukata bamia, huianika mpaka ikauke, kisha huitwanga ikawa unga wa kuzidishia mchuzi uzito. Ilimu imo mikononi mwa majirani. Dada yetu wa Lodwar au Kakuma na aulizie mlango wa pili kabla ya kuuliza mbali.

Sasa tuingie kazini. Siri ya kitafunio kinacholia mdomoni ni moja tu, nayo ni kuondoa maji. Majani mabichi, karibu sehemu tisa katika kumi ni maji. Maji hayo ndiyo yanayoozesha mboga, na ndiyo yanayoifanya ilegee ikikaangwa. Yakitoka polepole, jani hubaki jepesi na kukatika. Yakitolewa kwa moto mkali wa ghafla, nje huungua na ndani hubaki bichi.

Kukausha majani ya kunde, mchicha au sukuma kwa ajili ya kuweka, fanya hivi. Chagua majani siku ile ile yanapofika, kabla hayajalegea. Osha kwa maji safi, ondoa vikonyo vigumu na ule uti mnene wa katikati ya jani. Chemsha maji yasiyo na chumvi, tumbukiza majani kwa dakika moja au mbili, toa, tia katika maji ya baridi, kisha kung'uta. Maji uliyochemshia usiyamwage. Yatie katika mchuzi, kwa kuwa yamechukua sehemu ya manufaa ya mboga, na huko maji ni mali. Tandaza majani mamoja mamoja juu ya mkeka safi wa ukindu au wa mkoma, au juu ya wavu uliowambwa kwenye fremu ya mbao. Usianike juu ya bati. Bati hupata moto likaunguza, na lenye kutu huchafua.

Anika kivulini penye upepo, si juani moja kwa moja, kwa sababu jua kali hula rangi ya jani na pamoja nayo vitamini A, ambayo ni nuru ya macho ya mtoto. Kwa hewa kavu ya Turkana, siku moja au mbili hutosha hata kivulini. Funika kwa kitambaa chepesi ili kuzuia vumbi na nzi, na ingiza ndani jioni. Jani lililo tayari huvunjika likiminywa kati ya vidole. Likijikunja bila kuvunjika, bado. Weka katika kopo kavu lenye kifuniko cha kubana, na ndani yake tia mchele mkavu kidogo uliofungwa katika kitambaa ili unyonye unyevu.

Kutokana na akiba hiyo hutoka kitafunio cha kwanza, vipande vya dengu na majani. Chukua unga wa dengu vikombe 2, majani makavu yaliyosuguliwa kwa viganja yakawa chenga nusu kikombe, bizari nyembamba iliyosagwa kijiko kidogo kimoja, chumvi nusu kijiko kidogo, pilipili kiasi, na mafuta vijiko vikubwa 2. Changanya, tia maji kidogo kidogo, kanda donge gumu. Sukuma jembamba kuliko chapati, kata vipande virefu au vya pembe, kaanga katika mafuta ya moto wa wastani mpaka viwe rangi ya dhahabu. Unga wa dengu ukiwa ghali, tumia wa ngano, au changanya nusu kwa nusu. Mtoto aliyekataa mchicha sahanini atautafuna humu bila ubishi.

Cha pili ni majani ya sukuma ya kuoka, nayo hayataki kuchemshwa. Osha majani mabichi, yafute yakauke kabisa, chana vipande vya kiasi cha kiganja cha mtoto, ukiacha uti. Kwa majani ya fungu moja kubwa tia kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, yapake kwa vidole mpaka kila jani ling'ae, nyunyiza chumvi kidogo. Panga kwenye sufuria pana bila kupandanisha, weka juu ya makaa machache, na juu ya kifuniko weka makaa mengine machache, kama wapikavyo mama zetu mkate wa sinia. Baada ya dakika 10 fungua utazame. Kwa kawaida dakika 10 mpaka 15 zatosha. Yakigeuka rangi ya hudhurungi yamepita na yatakuwa machungu. Hayo huliwa siku hiyo hiyo.

Cha tatu ni bamia. Osha nzima, futa kwa kitambaa kabla ya kukata, maana bamia yenye maji ikikatwa hutoa utelezi. Pasua kila moja kwa urefu mara nne, anika kwa saa tatu au nne mpaka inyauke. Kwa robo kilo nyunyiza unga wa dengu vijiko vikubwa 2, manjano nusu kijiko kidogo na pilipili. Chumvi iwe ya mwisho kabisa, kwa kuwa hutoa maji. Kaanga kidogo kidogo bila kujaza karai. Ikiwa mezani, kamulia ndimu, au chovya katika ukwaju, ambao huota hata kando ya mito ya Turkana. Uchachu huo si wa ladha pekee. Ndimu husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika mboga. Chai, kwa upande wake, huyazuia, hivyo birika lisubiri kidogo.

Cha nne ni boga, karoti au kiazi kitamu. Kata vipande vyembamba kama sarafu, chovya katika maji yanayochemka dakika moja, anika mpaka vikauke kau, weka koponi. Siku ya haja, vitie katika mafuta ya moto kwa muda mfupi sana, kama unavyokaanga papari.

Hapa tunataka mama wa nyumba aone faida iliyofichika. Kilichokaushwa na jua hakihitaji moto mwingi. Kuni na makaa huko, hata ya mathenge, si ya bure, na utafutaji wa kuni umeleta ugomvi mwingi kati ya wanawake wa kambini na wenyeji wao. Kila kazi inayofanywa na jua ni mzigo mmoja wa kuni uliopungua kichwani mwa mwanamke.

Na ninyi wa Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu msiiache safu hii mkidhani ni ya wengine. Kwetu hewa ina unyevu, na mboga iliyoanikwa asubuhi hulegea tena jioni. Anikeni zaidi wakati wa kaskazi, hewa inapokuwa kavu kidogo, na malizieni kwa moto mdogo wa juu na chini kabla ya kufungia koponi. Tumezoea kachiri za muhogo, na muhogo hauna ubaya. Ila mikono iliyoweza kukata muhogo ukawa kama karatasi haishindwi na bamia wala karoti.

Yapo ya kutahadhari. Mboga kavu iliyoota kuvu isikaangwe wala isipewe kuku; itupwe, maana sumu ya kuvu haiondoki kwa moto. Mafuta yaliyokuwa meusi na kutoa moshi yamekwisha kazi yake. Watoto wadogo, wa chini ya miaka minne, wasipewe vitu vikavu vya kukatika kwa kuhofia kupaliwa. Wao wavugiwe majani makavu ndani ya mchuzi au uji wa chumvi. Wenye presha wapunguze chumvi. Wala kitafunio kisichukue nafasi ya mboga mbichi inapopatikana. Mafuta ni mafuta, na kupita kiasi ni israfu hata kwa kilicho halali.

Akitaka mmoja wenu kuuza, ni chumo jema, na mwanamke wa Kakuma au Lodwar anaweza kulianza kwa karai moja na mkeka mmoja. Na aikumbuke Sura ya Al-Mutaffifin inayowaonya wapunjao vipimo: pakiti ya mwisho ijae kama ya kwanza, na mafuta ya jana yasifichwe ndani ya bidhaa ya leo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hiyo wengi hufungia karatasi. Tafadhalini, gazeti letu hili lisifungiwe bajia, kwani ndani yake mna majina matukufu. Tafuteni karatasi safi isiyoandikwa.

Tumalizie kwa jirani. Abu Dharr (r.a.) alihusiwa na Mtume (s.a.w.) kwamba apikapo mchuzi aongeze maji, awakumbuke majirani zake. Hakuambiwa achunguze kwanza jirani ni wa kabila gani, wala amefika lini. Katika Kakuma, jirani ni Mturkana mwenye ardhi, ni Msomali, ni Msudani, ni Mkongo, ni Mrundi. Kopo la mboga kavu lina sifa hii, kwamba laweza kugawanywa leo na kesho likabaki na kitu. Sahani moja ya bamia iliyokaangwa ikivuka ua, huenda ikafungua mlango ambao vikao vingi vimeshindwa kuufungua.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki za nyumba zenu, awaruzuku wenye njaa popote walipo, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kushukuru kwa mikono kabla ya ndimi. Amin. Wabillahi tawfiq.